Karatasi ya zamani ya 1:50,000 upande wa Muheza: nisome nini, niamini nini?

Shamte_wa_Bondeni

Wakuu, salaam. Nina karatasi ya topografia ya 1:50,000 inayoshika mji wa Muheza na vijiji vya kusini-mashariki yake. Pambizoni imeandikwa kuwa imechorwa kutokana na picha za anga za miaka ya 1950. Kamati ya maji ya kijiji inataka kujua visima vya zamani vilikuwa wapi kabla ya kutoa pesa za utafiti wa kisima kirefu.

Kuna alama ya kisima iliyo wazi kabisa, gridi 813217. Nimeitia kwenye simu kama UTM 37 Kusini (gridi ya mita), E, yaani mashariki, 481300, na N, yaani kaskazini, 9421700. Simu inanipandisha juu ya mgongo mkavu wenye mihogo, hakuna hata dalili ya bonde. Ramani imekosea au mimi? Na tukiacha kisima, karatasi kama hii inasema nini kuhusu mashamba ya hapa ambacho picha ya setilaiti haisemi? Vijiji vingi vilivyomo havipo leo, na vingi vilivyopo leo havimo.

---

Mpimaji_Mkongwe

Ramani haijakosea, na gridi umeisoma sawa. Umechanganya datamu mbili, yaani misingi miwili tofauti ya kuhesabia mahali duniani. Karatasi hizo zimejengwa juu ya Arc 1960, duaradufu ya Clarke 1880. Simu yako inafanya kazi kwa WGS84. Namba ni zile zile, lakini ardhini ni mahali pawili tofauti.

Kwa eneo la Tanga, ukitoka Arc 1960 kwenda WGS84 unaongeza mita 95 hivi kwenye E na kupunguza mita 305 hivi kwenye N. Kisima chako kitafutwe E 481395, N 9421395. Maana yake ulisimama mita mia tatu na ushei kaskazini ya kisima, na karibu mia moja magharibi yake. Kwa nchi yenye vilima vifupi kama Bondei, mita mia tatu zinatosha kukutoa bondeni na kukuweka mgongoni. Usitegemee pia kwamba utakanyaga mdomo wa kisima: gridi ya tarakimu sita inakupa mraba wa mita 100 kwa 100. Fika hapo, kisha zunguka.

Mwenye kifaa cha GPS cha Garmin asijisumbue na hesabu. Aingie kwenye mipangilio, achague UTM, na kwenye datamu achague ARC 1960. Hapo atatia namba za karatasi kama zilivyo. Akimaliza airudishe WGS84, maana akiisahau atakaowapelekea pointi zake watapotea kwa umbali ule ule, upande ule ule kama wewe.

Wenye kompyuta wanaotaka kuilaza karatasi nzima juu ya picha ya setilaiti, fanyeni hivi. Kwanza pimeni karatasi kwa rula ya chuma. Kila karatasi inashika dakika 15 kwa dakika 15, kwa hiyo kwa latitudo yetu fremu ya ndani inatakiwa iwe sentimita 55.3 hivi kutoka juu hadi chini. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu wa pwani hutanuka au kusinyaa, na haifanyi hivyo sawasawa pande zote. Kila milimita moja iliyopotea ni mita 50 ardhini. Skani kwa 400 dpi, karatasi ikiwa imelala, hifadhi kama TIFF. Hapo pikseli moja ni karibu mita 3.2. Picha ya simu iepukeni mkiweza, kwa kuwa lenzi hukunja pembe, na pembe ndizo mtakazozitegemea.

Ndani ya QGIS, programu ya ramani, funga skani kwa makutano ya mistari ya gridi ya kilomita moja. Usitumie njia panda wala kona za mito. Chukua makutano 12 hadi 16, yaliyotapakaa hadi pembeni, na mfumo uwe EPSG:21037, yaani namba ya Arc 1960 kwa UTM 37 Kusini. Chagua mageuzi ya polinomia ya daraja la kwanza, uangalie masalio, yaani kila pointi imebaki umbali gani na mahali pake. Yakiwa chini ya mita 10, umefanya kazi nzuri. Pointi moja ikionyesha 60 na nyingine zote 6, hiyo moja hukuibofya penyewe. Wengi wanakimbilia ile njia inayonyumbua karatasi ipite kwenye kila pointi. Inaonyesha masalio sifuri na kila mtu anafurahi, kumbe kosa limefukiwa ndani ya ramani.

Ukimaliza, jaribu kwa kitu ambacho hakikuhama. Reli ya Tanga–Korogwe ndiyo bora. Ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe 1902, na sehemu kubwa ya tuta ni lile lile. Reli ya karatasini ikikaa mita 300 pembeni ya reli ya setilaiti, programu haikufanya ubadilishaji wa datamu, imekupa wa kukisia tu. Rudi kwenye mipangilio ya ubadilishaji kati ya 21037 na 32737 (ya WGS84) uchague mmoja wa ile iliyowekwa kwa Tanzania au kwa Kenya na Tanzania pamoja. Tofauti kati yao ni mita chache.

Tahadhari moja ndogo: ukipata karatasi ya zamani zaidi ambayo gridi yake ni ya yadi, 21037 haifai. Hiyo ifunge kwa pembe za latitudo na longitudo.

---

Mpimaji_Mkongwe

Naongezea, maana swali la pili ndilo lenye utamu.

Anza pambizoni. Watu hurukia katikati ya karatasi, na habari ya kuiamini au kutoiamini iko pembeni. Tafuta tarehe tatu: mwaka wa picha za anga, mwaka wa ukaguzi wa ardhini, na mwaka wa kuchapa. Zinaweza kupishana kwa miaka kumi. Njia na nyumba ni za mwaka wa picha. Majina ni ya mwaka wa ukaguzi. Barabara kuu mara nyingine zilisahihishwa mwaka wa kuchapa. Yaani karatasi moja ina umri mitatu. Jina la idara nalo linasaidia: Waingereza walianza mwaka 1946 kwa jina la Directorate of Colonial Surveys, yaani DCS, na likageuzwa kuwa Directorate of Overseas Surveys, DOS, mwaka 1957.

Kisha mistari ya mwinuko. Matoleo ya awali yana futi, pengo la futi 50, yaani mita 15.24. Ya baadaye yana mita, pengo la mita 20. Angalia kabla hujasema kilima kina urefu gani. Kisima chako kiko sentimita nne tu juu ya ukingo wa chini wa karatasi, kwa hiyo utahitaji karatasi ya kusini yake, na haitakuwa ajabu ukaikuta ya mita wakati ya kwako ni ya futi. Mistari haitaungana ukingoni, na hilo halimaanishi kuna genge.

Mahali nisipoiamini mistari hiyo ni kwenye msitu mzito wa Usambara Mashariki. Mchoraji alikuwa anaona vilele vya miti, si udongo, akatoa urefu wa miti kwa kukadiria. Kabonde kadogo chini ya msitu hupotea kabisa. Kwenye mashamba ya tambarare ya Muheza mistari ni mizuri.

Mito: mstari wa buluu usiokatika ni maji ya mwaka mzima, uliokatika ni wa msimu. Lakini picha hupigwa anga likiwa safi, kwa hiyo nyingi ni za kiangazi, na aliyechora aliona mchanga. Kijito cha msimu kwenye karatasi kinaweza kuwa na maji sentimita chache chini ya mchanga. Ukishuka karibu na pwani, kuelekea Pongwe na Amboni, utaona kijito cha buluu kinaishia ghafla porini, hakiingii popote. Usidhani mchoraji alichoka. Lile ni eneo la mawe ya chokaa, ndiyo maana lina mapango, na maji huzama chini. Mduara wa mwinuko wenye vijino vinavyotazama ndani ni shimo, si kilima. Kuchimba kisima au choo hapo ni jambo la kufikiri mara mbili.

Sasa siri ambayo haimo kwenye orodha ya alama: angalia njia za miguu. Njia nne au tano zikikutana mahali pasipo nyumba, pasipo jina, kwenye kichwa cha bonde, hapo palikuwa na maji. Zikikutana juu ya mgongo, palikuwa na gulio au njia panda tu. Kwa kutafuta maji, makutano ya namna hiyo yananipa imani kuliko herufi ya kisima. Herufi iliwekwa na mkaguzi aliyepita siku moja. Njia imekanyagwa na watu kila siku.

---

Mwana_wa_Magila

Mzee kamaliza ya vipimo, mie niseme ya majina, maana hapo ndipo wengi wanapotezwa.

Upande wetu majina yanayoanza na Kwa, na kwa Wasambaa Kwe, yaangalieni kwa macho mawili. Jina la Kwa fulani mara nyingi ni la mtu. Mtu akihama au akifa, watu wake wakihamia kilima kingine, jina linaondoka nao. Kwa hiyo Kwa fulani ya karatasini na ya leo inaweza kuwa mbali kilomita kadhaa na bado ni ile ile, ukoo ule ule. Majina ya kitu, kama Mbuyuni, Ngomeni, yametulia zaidi. Kitu hakihami.

Pigo kubwa la majina ni Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Karatasi ya miaka ya 1950 inaonyesha vitone vya nyumba vimetawanyika kila mgongo, nyumba tatu hapa, tano kule. Leo hivyo vitone havipo, watu wako kando ya barabara. Ndugu Shamte, ndiyo maana vijiji vyako havikutani. Chukua kila kundi la vitone lililopotea, lilinganishe na setilaiti ya leo. Ukiona miembe mikubwa, mkwaju, au minazi kadhaa katikati ya pori au mihogo, bila nyumba, hapo ndipo. Mwembe haujipandi kwa safu. Na penye mahame pana makaburi, kwa hiyo msipeleke mashine kabla ya kuuliza wazee wa ukoo.

Vivyo hivyo kwa kale kamsitu kadogo ka kijani kalikobaki peke yake katikati ya mashamba. Mara nyingi ni mzimu, mahali pa matambiko, na huwa pana chemchemi ndani. Kwenye karatasi kanaonekana kama msitu wa kawaida. Ardhini si wa kawaida, na mwenyewe yupo.

Ukiwa na ramani za Wajerumani, ile ya 1:300,000, soma kwa sikio la Kijerumani. S yao mara nyingi ni z yetu, na w yao ni v. Muhesa ni Muheza, Masinde ni Mazinde, Wuga ni Vuga, Sigi ni Zigi. Wilhelmstal ndiyo Lushoto. Misheni ya Magila nayo ni nguzo nzuri ya kujipima, iko pale pale. Ila kwa kipimo kile, milimita moja ni mita 300. Usiitafutie kisima kwa ramani hiyo. Itumie kujua njia za misafara na majina tu.

---

Korona_Na5

Kwenye mkonge kuna mambo ambayo hayajasemwa. Karatasi hizi ni za wakati mkonge uko juu, kwa hiyo zinaonyesha estate karibu kama mchoro wa kiwanda. Barabara zilizonyooka zinazokatana kwa pembe mraba ni mipaka ya vitalu. Mistari myembamba ya reli inayoingia kwenye vitalu ni ya vigari vya kubebea majani, na yote inashuka sehemu moja: korona, yaani kiwanda cha kutoa singa kwenye majani ya mkonge. Korona iko penye maji, haina budi, kwa kuwa kusafisha singa kunakula maji mengi sana. Kwa hiyo fuata vireli vidogo mpaka vinapokutana, halafu tafuta buluu: bwawa, lambo, au bomba kutoka mtoni. Vireli vyenyewe viling'olewa zamani vikauzwa chuma chakavu, lakini mabwawa mengine yangali na maji chini ya matete.

Mistari ya nyumba zilizopangwa kama meno ya kitana ni kambi za manamba, vibarua wa mkonge. Kambi ilikuwa na kisima chake. Angalia tu kisima hicho kisiwe chini ya korona kwa mteremko. Maji machafu ya korona yalimwagwa bondeni miaka na miaka, yana tindikali na yananuka.

Na njia inayopinda taratibu mno, haipandi wala haishuki ghafla, inakumbatia mstari wa mwinuko mmoja kwa kilomita nzima, hiyo si ya ng'ombe wala ya watu. Ni tuta la reli. Toka Tengeni kwenda Sigi kulikuwa na reli ya upana wa sentimita 75, iliyojengwa kati ya 1904 na 1910 kwa ajili ya mbao na upande wa Amani. Karavati za mawe ziko chini ya tuta la namna hiyo, na karavati inakuonyesha maji yanapita wapi wakati wa masika, hata kama leo umekuta pakavu.

---

Shamte_wa_Bondeni

Mpimaji, shikamoo. Wote nawashukuru. Kwa namba mpya pointi inaangukia bondeni kweli, na njia tano zinakutana hapo karatasini. Dada wa Magila, kuna miembe miwili mikubwa mita sitini hivi toka hapo.

Swali la nyongeza. Juu zaidi kuna chemchemi yenye alama karibu na mstari wa futi 800. Kijiji kiko karibu na mstari wa futi 550. Nimepima kwa uzi, ni sentimita 6.4. Naweza kumwambia fundi alete bomba la mserereko, bila pampu?

---

Fundi_Mserereko

Futi 250 ni mita 76. Sentimita 6.4 ni kilomita 3.2 kwenye karatasi. Ardhini ongeza kidogo kwa kupanda na kushuka, mie huagiza asilimia 5 zaidi. Maji yatashuka, hilo halina ubishi. Lakini sikiliza mambo mawili.

La kwanza, kosa la mwinuko. Kila ncha ichukulie inaweza kupotoka nusu pengo, futi 25, juu au chini. Kwa hiyo mita 76 zako ni kati ya 61 na 91. Hapa haikuui. Ila ingekuwa tofauti ya mistari miwili tu, nisingenunua hata goti la bomba kabla ya kupima kwa levo. Kosa lingeweza kula nusu ya mteremko wote.

La pili, mita 76 zikisimama, yaani mkifunga bomba zote usiku, ni kama bari 7.5 chini kijijini. Bomba la PN6, la kuhimili bari 6, linaweza kupasuka, na litapasukia chini, mbali na chanzo, watu wakidhani ni wezi. Ama utumie PN10, la bari 10, kipande cha chini, ama ujenge tangi la kuvunja presha katikati, kwenye mstari wa futi 650 hivi. Chora mkato wa njia yote: kila bomba linapokata mstari wa mwinuko, andika umbali na urefu kwenye karatasi ya miraba, uunganishe. Mgongo wa katikati ukipanda juu ya mstari ulionyooka toka chemchemi mpaka kijijini, zungusha bomba. Mgongo mwingine mdogo usiozidi hapo uwekee valvu ya kutoa hewa, na kwenye bonde weka ya kutoa tope. Karatasi ya zamani inatosha kabisa kwa mchoro huo wa kwanza. Kununua vifaa ni baada ya kupima.

---

Barazani_Pangani

Neno fupi kwa sababu najua litafuata: mtu ataichukua karatasi hii kwenye ugomvi wa shamba. Mipaka ya wilaya, estate na hifadhi kwenye ramani ya topografia si ushahidi wa umiliki. Mpaka wa estate unatafutwa kwenye ramani ya upimaji na hati, na wa kijiji kwenye cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Unene wa mstari peke yake ukiwa nusu milimita ni mita 25, shamba zima la mtu hilo. Kinachoweza kusaidia ni kuonyesha kwamba mwaka fulani palikuwa na nyumba, njia au msikiti mahali fulani, tena afadhali upate picha ya anga yenyewe. Za DOS nyingi zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland, na unaagiza kwa namba ya picha, ambayo mara nyingine imeandikwa kwenye mchoro mdogo pambizoni.

---

Mpimaji_Mkongwe

Marahaba Shamte. Msiende bondeni sasa hivi. Nendeni mwishoni mwa Februari, joto la kaskazi limekausha kila kitu na masika hayajaanza. Chukueni futi ya kamba ya mita 20, kamba yenye jiwe, na chupa. Pimeni kina mpaka kwenye maji, choteni ndoo 20, pimeni tena baada ya saa moja. Na mdomo wa kisima mkiukuta umefukiwa, anzieni chini ya mwembe ulio upande wa bondeni.